Maswali yenu ya shambani: mbegu za viazi lishe na kuchavusha kwa mkono

Mwezi huu maswali yaliyoingia kwa wingi ni ya viazi lishe, vile viazi vitamu vya rangi ya chungwa, na karibu wote mnauliza kitu kimoja kwa njia tofauti, yaani mnataka vitamini A ya kile cha chungwa iingie kwenye viazi vyenu mlivyovizoea, vile vya unga. Nimeyaweka pamoja yanayohusiana.

Habari dada. Mi nalima viazi huku Sengerema, nina vile vyeupe vya nyumbani ni vya unga kweli na watoto wanavipenda, alafu kuna mradi ulituletea marando ya viazi lishe. Msimu uliopita nikavipanda tuta kwa tuta ili vichanganyike, maua yakatoka vizuri na nyuki nikawaona wanaingia, lakini kuvuna, vyeupe vimebaki vyeupe na vya chungwa vimebaki vilevile. Nimekosea wapi?

Hujakosea popote mama. Kiazi unachochimba kwenye tuta hakitokani na ua, ni mzizi ulionenepa wa lile rando ulilopanda, na rando ni kipande cha mmea uliokatwa kwa hiyo kila kilichomo ndani yake ni kilekile cha mama yake, hata nyuki alete chavua kutoka wapi. Mchanganyiko unaenda kwenye mbegu tu. Ua likishanyauka kinabaki kijitunda kidogo cha mviringo, kikikauka kinakuwa cha kahawia, ukikipasua unakuta mbegu ndogo nyeusi ngumu, moja au mbili, zikizidi sana nne. Wengi wetu tumelima viazi miaka yote hatujawahi hata kuziona manake hatuzihitaji, marando yapo.

Sasa msimu huu okota zile mbegu kwenye matuta yako ya vyeupe uzipande, hapo ndo utauona huo mchanganyiko uliokuwa unautafuta. Kila mbegu inakupa kiazi chake, hata mbili za kijitunda kimoja zinaweza kutofautiana kama ndugu wa tumbo moja, huyu mrefu yule mfupi. Sababu ni kwamba kiazi kitamu kina kromosomu 90, yaani vile vijinyuzi vinavyobeba vinasaba, zimo kwa seti sita wakati binadamu tuna seti mbili tu, kwa hiyo namna za kuchanganyika ni nyingi mno. Na rangi nyeupe ina tabia ya kuifunika ya chungwa, ukichanganya mweupe na wa chungwa watoto wengi wanatoka weupe, krimu au njano, wa chungwa iliyokolea ni wachache. Ndo maana watafiti wanaotesha mbegu kwa maelfu, sio kwamba wanapenda kazi, ni kwamba ukipanda kumi hutampata unayemtaka.

Ila uzuri wa zao hili uko hapohapo. Ukishampata huyo mmoja unakata marando yake, unampa jirani, jirani anampa shemeji yake, na kiazi hichohicho kinaenea wilaya nzima bila kubadilika rangi wala ladha. Mahindi hayawezi hivyo.

Mambo vipi dada, nimemaliza diploma ya kilimo, niko Mbeya. Chuoni tulifanya uchavushaji wa mahindi kwa vitendo lakini viazi vitamu tulipita juujuu. Kama nataka kuchanganya aina mbili ninazozijua mwenyewe, mama huyu na baba huyu, nafanyaje?

Poa mdogo wangu, swali zuri na nitakujibu kwa kirefu manake kazi hii inafanyika na mtu yeyote mwenye macho na mkono mtulivu.

Kwanza hakikisha wazazi wanatoa maua. Kuna aina zinachanua zenyewe kabisa na kuna zingine utasubiri hadi uchoke. Wanaozalisha mbegu huwa wanaisimamisha mimea juu ya miti au kamba isitambae, na ile migumu wanaibandikiza, rando la kiazi juu ya shina la ndugu zake wa porini wa jenasi hiyohiyo ya Ipomoea ambao wanachanua sana, na kiazi nacho kinaanza kuchanua. Siku zenye mwanga mfupi nazo zinasaidia.

Sasa kazi yenyewe inaanza jioni, kuanzia saa kumi. Unapita kwenye mimea unatafuta matumba yatakayofunguka kesho asubuhi, utayajua, yamerefuka, rangi ya zambarau imeshatokeza kwenye ncha na petali bado zimejisokota. Kwa mama, chukua kibano chenye ncha, pasua tumba pembeni taratibu, ndani utakuta stameni tano, vile vijiti vinavyobeba chavua, na katikati uzi mmoja wenye kichwa cheupe, kile kichwa ndo stigma, ndo kinachopokea chavua. Toa zile stameni zote tano bila kugusa huo uzi, alafu ufunike, wengi wanatumia kipande cha mrija wa soda kilichokunjwa upande mmoja, unakichomeka juu yake basi. Kwa baba hutoi kitu, unalibana tumba lake kwa klipu ya karatasi au unalifunga na uzi lisifunguke usiku, kwa sababu ukiliacha wazi nyuki atakuwahi alfajiri na hutajua tena chavua iliyomo ni ya nani.

Asubuhi uwe shambani mapema, saa kumi na mbili mpaka kama saa nne ndo muda wenyewe, maua haya yanachanua siku moja tu na kufika mchana yameshanyauka. Unachuma ua la baba, unalifungua, unaona stameni zimepasuka na zina vumbi jeupe, unalipaka taratibu juu ya stigma ya mama mpaka uone chavua imeshika, unarudisha mrija. Hapohapo funga lebo kwenye kikonyo: jina la mama, jina la baba, tarehe. Mama anaandikwa kwanza. Usiseme utaandika baadaye nyumbani, maua yakiwa mengi kichwa hakibebi, na mbegu isiyojulikana wazazi wake haikusaidii kupanga mchanganyiko wa msimu ujao.

Baada ya siku chache utajua. Ua lililokubali, kikonyo kinabaki kijani na kijitunda kinaanza kuvimba, lililokataa linadondoka lote. Usishangae mengi yakidondoka. Viazi vitamu kwa sehemu kubwa vinakataa chavua yake vyenyewe, na kuna jozi za aina mbili tofauti ambazo nazo hazipatani kabisa, chavua inatua lakini haioti. Sio mkono wako. Jaribu kugeuza, baba awe mama, au tafuta baba mwingine. Zikikubali, subiri mwezi mmoja au zaidi kidogo, kijitunda kikishakauka kivune kabla hakijapasuka na kumwaga mbegu chini.

Mbegu yenyewe ina ganda gumu, ukiipanda hivihivi inaweza kukaa udongoni isiote. Maabara wanazilowesha kwenye asidi kali ya salfa kwa dakika kadhaa kisha wanasuuza sana kwa maji, wewe nyumbani usifanye hivyo tafadhali, ile asidi inachoma mtu vibaya. Chukua msasa au kikata kucha, kwaruza ganda upande ule usio na jicho mpaka uone weupe kidogo, loweka kwenye maji usiku mmoja, iliyovimba kapande. Na kama hauna haraka, zihifadhi pakavu na penye ubaridi, zinadumu miaka mingi.

Kuna njia nyingine ya kuwaachia nyuki kazi. Unachagua wazazi wazuri, unawapanda wamechanganyika sehemu moja mbali na viazi vingine, kisha unavuna mbegu kwa kila mama. Unapata mbegu nyingi kwa jasho kidogo ila baba humjui. Vituo vingi vya utafiti vinatumia njia zote mbili, nyuki kwa wingi, mkono pale wanapotaka jozi maalum, tuseme mama mwenye unga na asiyeshikwa na virusi, baba mwenye chungwa iliyokolea.

Mwanangu, mimi ni mzee wa Shinyanga. Hivi viazi lishe mnavyotusifia ni vya majimaji, michembe yake, vile vipande vya kuanika, haifanani na michembe. Na tunasikia vimetengenezwa maabara kwa kuwekewa vinasaba. Kweli au uongo?

Shikamoo mzee wangu. Nianze na la pili manake ni fupi: viazi lishe mnavyoletewa havijawekewa vinasaba maabara, vimetokana na kuchagua aina zilizokuwepo na kuchavusha ua kwa ua kama nilivyomweleza kijana hapo juu. Na niongeze hili, mwaka 2015 watafiti walichapisha kwamba viazi vitamu tunavyolima, hadi vile vyeupe vya mababu, vinabeba vipande vya vinasaba vya bakteria wa udongoni vilivyoingia vyenyewe zamani bila mkono wa mtu. Watu wamevila muda wote huo.

La majimaji una haki kabisa, na naomba wenzangu wataalamu walisikie vizuri. Aina za mwanzo za chungwa kama Jewel na Resisto zina asili ya Marekani, huko watu wanataka kiazi laini chenye maji na utamu mwingi. Sisi tunataka kiazi cha unga, kinachokaba kidogo mpaka ushushe na chai. Ukipeleka kwa mtu kiazi ambacho mdomoni mwake sio kiazi, atakipanda msimu mmoja kwa heshima ya mgeni aliyekileta, mradi ukiondoka na marando yanaondoka, na vitamini A yake yote inabaki kwenye ripoti.

Tatizo lenyewe kwa mzalishaji ni kwamba rangi ya chungwa na unga havipendi kwenda pamoja. Kwenye viazi vyetu ukichagua wenye rangi kali zaidi unajikuta umewachagua wenye maji, ukichagua wenye unga unajikuta na weupe. Kuvunja hiyo kamba kunahitaji watoto wengi na mizunguko mingi ya kuchanganya. Uganda waliifanyia kazi hiyo pale kituo cha utafiti cha Namulonge, Dkt. Robert Mwanga na wenzake, mwaka 2004 wakatoa aina mbili za chungwa, Ejumula na Kakamega, ambazo asili yake ni mashamba ya wakulima wenyewe wa Uganda na Kenya, kisha 2007 wakatoa Vita na Kabode. Msumbiji nako Dkt. Maria Andrade na timu yake walitoa aina 15 kwa mpigo mwaka 2011 zinazovumilia ukame. Hao wawili pamoja na watafiti wenzao Jan Low na Howarth Bouis walipewa Tuzo ya Chakula Duniani mwaka 2016, na kwangu mimi waliistahili hasa kwa hilo la kukubali kwamba mlaji wa huku ana haki ya kuchagua.

Kwa hapa nchini kuna Kiegea na Mataya, ziulizie kwa afisa ugani au kwenye kituo cha TARI, ile taasisi ya serikali ya utafiti wa kilimo, kilicho karibu na wewe. Na kabla hujapanda eneo kubwa fanya kipimo mwenyewe mzee: menya kiazi, kata vipande vyembamba, pima kilo moja kamili kwa mizani ya dukani, anika mpaka vipande vivunjike kwa kulia, kisha pima tena. Ukibakiwa na gramu 300 au zaidi hicho ni kiazi cha unga, ukibakiwa na 200 kitakusumbua kwenye michembe. Watafiti wanafanya hivyohivyo, tofauti ni kwamba wao wanakaushia kwenye oveni.

Ila michembe ya viazi lishe anika kivulini penye upepo au funika kwa kitambaa, jua kali linaipunguza ile vitamini, na usiiweke ghalani mwaka mzima ukadhani bado ina nguvu ileile. Hata ikihifadhiwa vizuri inapungua mwezi hadi mwezi. Kuleni mapema.

Hujambo dada, niko Busia upande wa Kenya. Mtoto wangu ana miaka mitatu, ale kiasi gani cha viazi vya rangi ya machungwa ili apate vitamini A ya kutosha? Na vile vya zambarau ni bora zaidi?

Sijambo dada. Kipande cha gramu 125 hivi, yaani kiazi kimoja kidogo cha chungwa iliyokolea, kinatosha mahitaji ya siku ya vitamini A kwa mtoto wa chini ya miaka mitano. Chemsha na maganda, funika sufuria, na mpe na kitu chenye mafuta kidogo, karanga, parachichi au mboga iliyokaangwa, kwa sababu betakarotini, ile rangi ya chungwa ambayo mwili unaigeuza kuwa vitamini A, bila mafuta haifyonzwi vizuri tumboni. Usiogope kwamba atazidisha, mwili unageuza kuwa vitamini A kiasi unachohitaji. Ukimpa kila siku kwa wingi viganja vinaweza kuwa na unjano kidogo, hiyo haina madhara, ukipunguza inaisha.

Kama ana dalili ya kutoona vizuri jua likizama, anajikwaa jioni wakati wenzake wanaona, hapo usisubiri viazi, mpeleke kituo cha afya haraka.

Vya zambarau ni vizuri lakini ile rangi ni kitu kingine, inaitwa anthosayanini, sio vitamini A. Cha zambarau tupu hakichukui nafasi ya cha chungwa. Ukitaka kukadiria kwa macho angalia nyama ya ndani na sio ganda, chungwa ikikolea ndo betakarotini inavyozidi, na wazalishaji wenyewe wana kadi za rangi wanazolinganisha na kiazi kilichokatwa kabla hata ya kupeleka sampuli maabara. Madini ya chuma hayaonekani kwa rangi, ndo maana kazi ya kuzalisha viazi vyenye chuma zaidi, ambayo Kituo cha Kimataifa cha Viazi chenye makao yake Lima, Peru wanaifanya, inaenda na vipimo vya mashine kwa kila kiazi.

Sisi ni kikundi cha akina mama Karagwe. Tuliotesha mbegu za viazi tulizookota, miche imekua na mingine ina viazi vya chungwa vizuri sana. Tuchague vipi, na tunaweza kuuza marando kwa jina la kikundi chetu?

Hongereni sana mama zangu, kazi mliyoifanya ndo hatua ya kwanza ya kila kituo cha utafiti.

Msiuhukumu mche kwa viazi vyake vya kwanza, mmea uliotoka kwenye mbegu una mzizi mkuu wake na viazi vyake vinaweza kuwa na umbo la ajabu. Kata marando kwenye kila mche, upe namba, panda mstari mfupi wa kila mmoja, na katikati wekeni kile cheupe mnachokiamini na Kabode au aina nyingine iliyopitishwa ili mlinganishe. Angalieni majani kabla ya kuangalia viazi. Mmea wenye majani madogo, membamba, yaliyopauka na umedumaa, huo umeshikwa na virusi, ni viwili vinavyokutana, kimoja kinaletwa na vidukari na kingine na nzi weupe, vikikutana vinaweza kula zaidi ya nusu ya mavuno. Ng'oeni hata kama kiazi chake ni cha chungwa kuliko vyote. Najua kitauma. Kwa ukanda wenu wa ziwa virusi ndo vimezimaliza aina nyingi nzuri zilizotoka nje, na mmea unaosimama kijani katikati ya wagonjwa una thamani kuliko mwenye kiazi kikubwa.

Mkivuna, kateni viazi muone kama fukusi wameingia, pimeni ukavu kama nilivyomwambia mzee wa Shinyanga, kisha chemsheni vyote kwa namba bila kusema kipi ni kipi, muwape watu waonje na watoto wawepo, watoto ndo walaji wenyewe. Rudieni misimu kadhaa na kwenye mashamba tofauti, la mlimani na la bondeni. Watafiti kwa mtindo wa zamani walikuwa wanachukua miaka saba au nane hadi kutoa aina moja, siku hizi wanapanda sehemu nyingi kwa wakati mmoja tangu mwanzo na wanafika kwa miaka minne au mitano.

Kugawana na majirani hamna shida. Kuuza kibiashara kama aina mpya ni jambo la sheria, lazima ipitie majaribio na kusajiliwa kupitia TOSCI, taasisi ya serikali ya kuthibitisha ubora wa mbegu, na mbegu za daraja la kuazimiwa ubora, zile wanazozalisha wakulima wenyewe, nazo ni za aina zilizokwishapitishwa. Ushauri wangu, mkibaki na miwili mitatu mizuri kweli iandikieni historia yake, nendeni TARI Maruku hapo Bukoba mkaiombe iingizwe kwenye majaribio yao na jina la kikundi liandikwe kwenye karatasi tangu siku ya kwanza. Msitoe marando bila maandishi.

Singida hapa. Kiangazi kinaua marando yote, kila mwaka naanza kuomba upya. Nifanyeje?

Hifadhi viazi badala ya marando. Siku ya kuvuna chagua vya ukubwa wa kati, visivyo na jeraha wala tundu la fukusi, kutoka kwenye mimea iliyokuwa na majani mazuri. Chukua beseni, mwaga mchanga mkavu uliopoa, panga viazi visigusane, funika na mchanga, panga tena, beseni likae ndani penye kivuli. Kila baada ya wiki chache vikague, utoe vilivyooza na ung'oe machipukizi. Wiki sita hadi nane kabla ya mvua vipeleke kwenye kitalu karibu na maji, vizungushie miiba mbuzi wasile, mwagilia, na mvua ikinyesha una marando yako mwenyewe tayari ya kukata.